Kivuli cha Lwanda na Jua la Superman

Wako watu wazima, wenye heshima zao, ambao wakilisikia jina la Superman hukunja uso na kusema kwamba huo ni upuuzi usiostahili hata pembe ndogo ya ukurasa wa utamaduni. Mimi simo miongoni mwao. Hadithi ambayo watoto wa dunia wameisoma tangu mwaka 1938, na mpaka leo hawajaichoka, si jambo la kupitwa kama jiwe la njiani. Na sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa hadithi baada ya sala ya isha, ndio tunaopaswa kuwa wa mbele kuuliza: hadithi hiyo yasema nini, zetu zasema nini, na ilikuwaje watoto wetu wakaijua ile kwa moyo na hizi wasizijue hata kwa jina?

Swali hili limenishika tangu nilipokwenda Wasini kwa harusi ya jamaa. Msomaji asiyefika huko na ajue kuwa Wasini ni kisiwa chembamba mkabala wa Shimoni, kusini kabisa ya Kwale, mwendo mfupi wa mashua kutoka bara. Motokaa hakina. Kina misikiti yake, kina malema yaliyoegemezwa kutani, kina kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina, na kina bustani ya matumbawe ambayo akina mama wa kisiwa wameitilia njia ya mbao ili wageni waizuru. Wenyeji ni Wavumba, watu wa Vumba Kuu, waliokuwa na madiwani wao na mila zao za kutawazana. Jua la Wasini nalo ni la namna yake: lapiga kutoka juu, na jiwe la tumbawe lalirudisha kutoka chini, hata mtu ajiona kama mkate unaopaliwa makaa juu na chini.

Alasiri moja niliwakuta vijana watano barazani, wameinamia simu moja. Mmoja alivaa fulana yenye ile herufi ya Superman kifuani. Alikuwa akiwafundisha wenzake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhitimu, kuwa Superman hakuzaliwa hapa duniani, na kwamba nguvu zake zote azipata kwa jua letu.

"Sasa masika je?" akauliza aliye mdogo kuliko wote. "Mawingu yakitanda siku saba, si atakuwa kama sisi?"

"Huwa ameshajiwekea akiba," akajibiwa. "Ni kama ile sola ya paani kwenu. Mchana yala jua, usiku yawasha taa."

Pembeni alikuwapo mzee mmoja akisuka dema. Hakuinua macho. "Basi Ramadhani ndipo atakapotuonea," akasema. "Mchana sisi twayumba kwa saumu, yeye ameshiba jua. Lakini magharibi, tukishafuturu, hapo na tukutane naye."

Tulicheka. Kisha yule mdogo akamgeukia: "Babu, kwetu hapana shujaa kama huyo?" Kabla mzee hajafungua kinywa, mwenye fulana alishajibu: "Shujaa wa Wasini? Hapa hata gari hapana!" Wakacheka tena wote, na mzee akacheka nao, akarudi kwenye dema lake. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichonitia kalamu mkononi. Mtoto wa miaka kumi na kitu, katika kisiwa chenye makaburi ya kale na lahaja yake mwenyewe, ameshakata shauri kuwa ushujaa ni bidhaa ya kutoka nje, kama fulana.

Kwanza nimtendee haki Superman. Walimbuni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, na hati ya kumiliki hadithi yao waliiuza kwa dola 130. Wale waliowahi kuuza samaki kwa dalali alfajiri, kisha wakasikia bei yake ya sokoni, watawahurumia. Mwanzoni jua halikuwa na kazi katika hadithi ile. Superman hakuruka hewani, alichupa tu, na sababu ya nguvu zake ilikuwa kwamba watu wa kwao, sayari ya Krypton, wana miili iliyopita yetu. Ni karibu na mwaka 1960 waandishi walipoanza kusema kuwa jua la Krypton ni jekundu na letu ni la manjano, na kuwa ni huu wa manjano ndio mwanga unaomtia nguvu. Akipelekwa chini ya jua jekundu, huwa mtu kama watu. Hata lile jiwe la kumdhoofisha, kriptonaiti, halikuanzia kitabuni bali lilisikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943.

Kwa nini walimwongezea haja ya jua? Mimi naona ni kwa sababu mtu asiyehitaji kitu hana hadithi. Ukimpa shujaa nguvu zisizo na chanzo wala kikomo, utaandika kurasa tatu kisha utakosa la kusema. Lakini ukisema nguvu zake zatoka mahali, papo hapo msomaji hukaa vizuri na kuuliza: na pakikatika je? Yule mdogo wa Wasini hakufundishwa na mtu, lakini swali lake la masika ndilo swali lenyewe.

Waandishi wengine walilifuata swali hilo mbali zaidi. Mwaka 1982 wenzao wa kampuni ya Marvel walimtoa kijana wa Brazil, Roberto da Costa, anayenyonya nguvu za jua na mwili wake ukageuka mweusi anapozitumia. Jina lake la vita lina maana ya doa la jua. Na kati ya mwaka 2005 na 2008 Grant Morrison na Frank Quitely walitoa hadithi ya Superman aliyekwenda karibu mno na jua kuwaokoa watu. Akarudi na nguvu zilizoongezeka maradufu na zaidi, na nguvu hizo hizo zikawa ndizo ugonjwa wa kumwua. Hiyo naisifu bila ya kuona haya. Mla asali akazidisha, msomaji wajua yanayompata.

Sasa nije kwetu. Kenya inaye shujaa ambaye uhai wake ulifungamana na jua miaka mingi kabla ya Siegel na Shuster kuzaliwa, naye si wa pwani. Ni Lwanda Magere wa Wajaluo, mtu wa nyanda za Kano. Lwanda maana yake ni mwamba. Wasimulizi wa huko wasema mwili wake ulikuwa jiwe: mikuki ya maadui ilimpiga ikaanguka, mishale ikavunjika, na kila vita alivyoingia alivimaliza. Maadui zake, watu wa milimani, walipochoka kuzika vijana wao walimletea binti mzuri awe mke. Wazee wa Lwanda walimwonya asimchukue, hakusikia. Siku moja akaugua, na mke mkubwa hakuwapo. Akamwita yule bibi mgeni amchanje chale na kumtia dawa. Mwanamke akajaribu wembe mwilini, wembe ukakataa. Ndipo Lwanda akamwambia siri: usinichanje mimi, chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka.

Usiku ule bibi alitoroka akarudi kwao. Vita vilipoanza tena, mpiganaji mmoja aliacha kumlenga Lwanda, akachoma mkuki ardhini penye kivuli chake. Jitu likaanguka, likageuka jiwe, na jiwe hilo laonyeshwa mpaka leo katika nchi ya Kano. Yasemwa kuwa wawindaji na wapiganaji walikuwa wakienda kunoa silaha zao juu yake kwa ajili ya baraka. Okoiti Omtatah, ambaye siku hizi wasomaji wamjua kama seneta wa Busia, alikitungia kisa hiki mchezo wa kuigiza.

Kisa hiki niliwahadithia wale vijana pale barazani. Walinyamaza. Simu ilizimika kioo na hapana aliyeigusa. Nilipofika penye mkuki, yule mdogo alikitazama kivuli chake kilicholala mchangani, kisha akajivuta taratibu mpaka akaingia kwenye uvuli wa mkungu, kivuli chake kikapotea. Mwenzake mmoja akafanya vivyo hivyo.

Nani atakayekielewa kisa cha Lwanda kuliko sisi tuliosoma chuoni? Kivuli tulifundishwa kabla ya saa. Maalim wetu alikuwa akichomeka kijiti ardhini, nasi twakaa kukitazama kivuli kikipungua, kikipungua, mpaka kikasita. Kikianza kurefuka upande wa pili, hapo jua limepinduka, adhuhuri imeingia. Kivuli kikiwa sawa na urefu wa kijiti, ukiongeza kile kilichobaki saa ya jua kusimama, alasiri imeingia. Hilo ni fundisho la madhehebu yetu ya Shafii, na mtoto wa pwani alijifunza kwalo hesabu, subira na mwendo wa jua kwa pamoja.

Na Wasini kuna jambo zaidi. Kisiwa kiko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi nne na ushei. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba, jua husimama utosini sawasawa. Muda mfupi baada ya saa sita mchana kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli kabisa, kama aliyekimeza. Kano, iliyo karibu mno na ikweta, hupata siku kama hizo karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Basi hebu mfikirieni Lwanda Magere siku hiyo, saa hiyo. Amesimama juu ya kivuli chake mwenyewe, amekifunika kwa nyayo. Hapana mkuki wa kumwua. Lakini jua lapinduka, na kila dakika ipitayo udhaifu wake watambaa nje ya miguu yake, warefuka, mpaka alasiri umelala uwanjani mrefu kuliko yeye, na mtoto mdogo aweza kuukanyaga. Superman hupungukiwa jua linapokosekana. Lwanda jua lenyewe ndilo linalomfichua, na likitua huwa salama tena. Niambieni, kati ya hizo mbili, ni ipi iliyofikiriwa zaidi?

Najua kuna wanaokimalizia kisa hiki kwa kusema: basi usimwamini mwanamke. Hao nawakatalia. Yule bibi kwao alikuwa amewaponya ndugu zake na mauti, na watu wa milimani wakihadithia watamwita yeye shujaa. Tena tazameni Fumo Liyongo wetu, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Naye hakudhuriwa na chuma. Kilichoweza kumwua ni sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo aliitoa kwa nani? Kwa mwanawe wa kumzaa, mwanamume, aliyetumwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Mtoto akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akachukua uta wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, akafa hali ameuvuta mshale. Watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipoombwa akamsihi, na mwisho maiti ikaanguka. Watu wa Wasini, ambao tangu jadi wamekuwa wakikinga mvua katika mabirika, hawahitaji kuelezwa maana ya mji uliokosa maji kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti, na ndiyo hoja yangu. Superman udhaifu wake watoka mbali: jua jekundu la mbinguni, kipande cha jiwe kilichodondoka kutoka Krypton. Nyumbani kwake ni salama. Lwanda na Liyongo udhaifu wao uko kitandani, jikoni, katika mazungumzo ya mtu na mkewe, ya mtu na mwanawe. Adui hakuwashinda uwanjani mpaka aliporuhusiwa na aliye ndani. Waliotunga hadithi hizo walikuwa wakiwaambia watoto jambo kuhusu mji na nyumba ambalo Superman, pamoja na uzuri wake, halijui. Mtoto akimjua Superman peke yake atadhani kuwa hatari hushuka kutoka angani siku zote.

Najua pia watakaonijibu kwa upande wa dini: mtu mwenye nguvu za jua, si kukaribia kuliabudu jua? Nasema wasome tena kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake. Aliitazama nyota ikazama, akautazama mwezi ukazama, akalitazama jua, kubwa kuliko vyote, nalo likazama, akajitenga na vyote vizamavyo. Shujaa anayelitegemea jua ni shujaa anayetegemea kitu kinachotua kila siku mbele ya macho yetu. Basi huyo ni mja, tena mja mwenye haja. Mimi ningechelea zaidi hadithi ya shujaa asiyehitaji chochote, kwani huyo ndiye anayemvurugia mtoto itikadi yake. Tena sote twajua yaliyopokewa kuhusu siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, rehema na amani zimfikie. Jua lilipatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule, naye akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Jua halina upendeleo kwa shujaa, na mtoto akilifahamu hilo aweza kusoma kitabu chochote cha picha bila ya kudhurika. Ama suala la kuchora picha zenyewe nawaachia masheikh, ila nawakumbusha kuwa picha zilizomo katika ile simu ya Wasini hazikungoja fatwa ya mtu.

Jambo jingine ambalo watoto wetu hawaambiwi ni kwamba jua si taa moja isiyobadilika. Lina nyakati zake za utulivu na nyakati zake za ghadhabu. Mwaka 1843 mtu mmoja wa Dessau, Ujerumani, Heinrich Schwabe, aliyekuwa muuza dawa kwa kazi yake, alitangaza kuwa madoa meusi ya jua huongezeka na kupungua kwa mpango. Alikuwa amelichungulia jua tangu mwaka 1826 akitafuta sayari asiyoipata, akaokota hili. Siku hizi twajua kuwa mzunguko huo ni wa miaka kama 11. Madoa yakizidi, jua hutema moto na upepo wa chembe za umeme. Mwaka 1859, mwezi wa Septemba, dhoruba moja ya jua ilivuruga waya za simu za maandishi Ulaya na Marekani. Wasini haikuwa na waya, basi walilala salama. Lakini leo nahodha wa Shimoni anayewapeleka wageni Kisite ana chombo cha kumwonyesha njia kwa setilaiti, na sisi tulio katika ukanda huu wa ikweta ndio tunaosumbuliwa zaidi: baada ya magharibi, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na hasa miaka ya ghadhabu ya jua, mawimbi ya setilaiti huyumba yakipita anga ya juu. Wazee waliokuwa wakitafuta London na Cairo kwa redio za mawimbi mafupi wakumbuka idhaa iliyokatika mchana kweupe bila ya sababu. Mara nyingine sababu ilikuwa ni jua. Mwezi wa Mei 2024 ilipiga dhoruba iliyoshinda zote tangu mwaka 2003, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wataalamu walitangaza kuwa jua limefika kileleni mwa mzunguko wake.

Tena pwani yetu hii hii imewahi kulishitaki jua. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliani walisimamisha baharini jukwaa la San Marco la kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Na tarehe 25 Machi 1988 ikarushwa ya mwisho, kazi yake ikiwa ni kuchunguza jinsi ghadhabu za jua zinavyoigeuza hewa ya juu kabisa. Kwani jua likichafuka, hewa ile hupata moto ikafura, ikazishika setilaiti zinazopita chini na kuzivuta. Yenyewe ilianguka kabla ya mwaka huo kwisha. Kitu kilichotoka pwani ya Kenya, kikaenda kuulizana na jua, kikarudishwa chini na hewa iliyokuwa ikiipima: nani aliyewahi kumhadithia mtoto wa Kwale habari hiyo? Mimi nimewauliza wengi. Superman wamjua. Ngomeni hawaijui.

Kwa hiyo sisemi fulana ile ivuliwe. Marufuku ya vitabu vya picha haikumfaa mtu popote, huvipandisha bei tu. Ninalolidai ni kwamba hadithi zetu zichorwe, tena zichorwe vizuri, kwa Kiswahili kinachosomeka, na ziuzwe kwa bei ya kitabu cha mazoezi. Hapana atakayeniambia kuwa haiwezekani. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu wake katika magazeti ya Kiswahili miaka na miaka, na baba zetu walianzia kwake kabla ya kusoma habari za bunge. Tangu mwaka 2010 vijana wa Nairobi wana Shujaaz, kwa Sheng, na linasomwa. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitoa filamu ya Supa Modo, ya msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa ajabu, na kijiji kizima kinachomsaidia atimize ndoto yake. Mikono ya kuchora tunayo. Kinachopungua ni wachapishaji wa kuweka fedha, na walimu wa shule na wa madrasa wa kuzisimulia hadithi hizi kabla ya wasimulizi wenyewe kwisha. Wavumba nao wawahoji wazee wao kwa Kivumba chao, wayaweke mashairi na visa vya kisiwa kwenye karatasi, kwani sitaki kuamini kuwa mji uliokaa karne zote hizo haukuwa na jabari wake. Yule mzee wa dema alitaka kusema neno, akakatizwa. Na aulizwe tena.

Mchoraji atakayekubali kumshika Lwanda Magere namwomba mambo mawili. La kwanza, asimvalishe joho wala herufi kifuani. La pili, auchunge mwendo wa jua katika kila ukurasa. Vita vya mwanzo avichore saa sita, kivuli kiwe duara dogo chini ya nyayo, lisiloonekana ila na mwenye kutazama sana. Kisha kila ukurasa kirefuke kidogo, bila ya neno lolote kuandikwa juu yake, mpaka pale mkuki unapochomwa, uwe ni wakati wa alasiri.